Hesabu ya Nusu Zamu

Katika kile kiwanda cha kusafisha shaba nje kidogo ya Likasi, Joëlle Kabamba aliitwa Mama Ordinateur, na waliomwita hivyo hawakujua hasa anafanya kazi gani. Skrini ikizima wanamwita. Kibodi ikimwagikiwa chai wanamwita, na mwenye chai huwa hajulikani. Mwanzoni jina lilimchekesha. Ilipofika mwaka wa saba lilikuwa limeanza kumchosha, maana mtu anaweza kusalimiwa mara arobaini kwa siku na bado akarudi nyumbani bila kuongea na mtu.

Nyumbani kwenyewe ni mtaani Kikula, vyumba viwili alivyoachiwa na mama yake. Mdogo wake Laure aliolewa Lubumbashi, akapata watoto, akawa mtu wa kupiga simu siku za sikukuu. Jumapili Joëlle alikwenda misa, akasalimia, akarudi, akasonga bukari wa mtu mmoja. Aliyewahi kujaribu anajua kwamba unga wa mtu mmoja hausongeki. Unalala chini ya sufuria, mwiko unazunguka bila kushika kitu. Basi alikuwa akipika wa watu wawili na kula kiporo asubuhi.

Mtu wa kuongea naye alikuwa mmoja tu, Papa Symphorien. Huyu alikuwa na miaka hamsini na tisa, fundi wa vipimo tangu enzi za mita za sindano. Nusu ya ujana wake ilikwisha akigonga vioo vya mita kwa kidole ili sindano iache uongo. Kompyuta zilipoingia kiwandani wenzake walizikwepa. Yeye alitafuta kitabu cha lugha ya C, fotokopi ya fotokopi, akajifunza peke yake, kisha akamfundisha Joëlle alipokuja pale kama stagiaire, mwanagenzi asiyejua hata mlango wa choo uko wapi. Miaka saba walikaa meza mbili zilizogusana, katika ofisi yenye dirisha moja, wakiandika programu inayokusanya vipimo vya matangi ya asidi na kuwaonyesha wafanyakazi kwenye skrini. Symphorien aliandika sehemu inayopokea namba kutoka kwenye vyombo. Joëlle aliandika sehemu inayozipigia hesabu na kuchora mistari.

Na waliongea, wee! Waliongea mambo ambayo mtu mwingine yeyote mjini angeyasikiliza kwa adabu dakika moja kisha akakumbuka kwamba ameacha maharage motoni. Walichokipenda kuliko vyote ni vihesabio. Ndani ya kichakataji cha kompyuta mna vihesabio vidogo vinavyohesabu vyenyewe wakati programu inakimbia: maagizo mangapi yametekelezwa, na mara ngapi programu imetafuta namba katika kashe, ile akiba ndogo ya karibu, ikaikosa, ikalazimika kuifuata mbali kwenye kumbukumbu kubwa. Kila safari kama hiyo ni muda unaopotea. Programu ya C inaiomba Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, kwa mwito unaoitwa perf_event_open, ipewe kihesabio cha tukio fulani. Unakiwasha, unaiacha kazi ikimbie, unakizima, unasoma. Symphorien aliposoma namba hizo uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea barua kutoka kwao.

“Hii sindano haitetemekake,” alikuwa akisema.

Walikuwa na desturi moja, aliyoiweka mzee tangu wiki ya kwanza. Namba haitoki ofisini mpaka mwenzako aipime upya kwa mkono wake mwenyewe. Waliita hiyo kurudilia. Haikuwa dharau. Symphorien mwenyewe, na mvi zake, alimpelekea mwanafunzi wake kila kipimo na kusema, “Joëlle, unirudilie,” kisha akasubiri kama mtu aliye mbele ya daktari.

Mwezi wa nane kiwanda kiliongeza vyombo vipya, na skrini zikaanza kuchelewa sekunde saba. Kwa mtu anayengoja taxi-bus, sekunde saba si kitu. Kwa mtu aliyeshika koki ya asidi ni nyingi mno. Mkuu wa uzalishaji, ingénieur Carlos, alikuwa mtu wa majibu mafupi. Siku ya Ijumaa alimwita Joëlle pembeni.

“Mama Joëlle, ile retard iko mu sehemu gani ya programme? Lundi asubuhi nataka jibu moja tu. Na usiambie muzee kwanza. Sipendi palabres na mabishano.”

Joëlle alipima Ijumaa ile ile mzee alipotoka kwenda kukagua vyombo. Alianza na sehemu yake mwenyewe. Kwa kuwa ni yake na alitaka kuijua mpaka mifupa, aliwasha vihesabio vinane kwa mpigo. Saa zilikwenda. Alipofika kwenye sehemu ya Symphorien alikuwa na haraka, akawasha vitatu tu, vile alivyoona ni vya lazima. Kote kuwili alisoma namba moja, hesabu yenyewe, akaiandika. Sehemu yake ilikosa kashe mara milioni arobaini na moja kwa dakika. Sehemu ya mzee, milioni sitini na mbili.

Aliiangalia ile sitini na mbili kwa muda mrefu, na sitamsingizia: alisikitika. Lakini chini ya masikitiko kulikuwa na kitu kingine kidogo chenye joto, furaha ya mwanafunzi aliyempita mwalimu, nayo hakuifukuza. Kisha ikaja habari ya desturi. Amwambie nini? Papa, nirudilie namba inayosema wewe ndiye mwenye kosa? Mtoto hamwekei mzazi karatasi ya namna hiyo mezani. Alijiambia kwamba anamhifadhi mzee na aibu. Akazima kompyuta, mzee aliporudi akamtakia Jumapili njema, akaenda zake.

Jumatatu jedwali la vipimo lilikuwa ukutani, vihesabio vinane vya Joëlle na vitatu vya mzee, mbele ya Carlos na wakuu wa vikosi wawili. Symphorien alikaa mwisho wa meza na miwani yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kikao ni cha nini. Alilisoma jedwali mara moja, akalisoma tena, na baada ya hapo hakuliangalia tena. Joëlle hakuona aliangalia wapi, kwa sababu yeye mwenyewe alilikodolea jedwali macho mpaka mistari ikaanza kucheza.

“Papa Symphorien, uko na kitu ya kusema?” Carlos aliuliza.

“Hapana, chef. Kama ni Joëlle alipima, basi alipima.”

Mkataba wa Symphorien ulikuwa wa kuandikwa upya kila mwaka, na mwaka ulikuwa unaisha mwezi ule. Haukuandikwa. Alikusanya kikombe chake, koti la mvua na kile kitabu cha fotokopi, akawapa watu mkono ofisi kwa ofisi. Kwa Joëlle alisema, “Utafunga dirisha kama mvula inakuya,” akatoka. Kwenye meza yake Carlos aliweka printa.

Sasa Joëlle alikuwa na kazi ya watu wawili na ukimya wa watu kumi. Alianza kuiandika upya sehemu ya mzee. Siku za kwanza alifanya kwa ari, akafurahia hata kuona mstari wa mzee aliokuwa anaweza kuufupisha. Kisha ari ikapungua. Aligundua anacheka peke yake kwenye jambo la kuchekesha, halafu anageuka kulia, na kulia kuna printa. Mchana alikula mkate wake akiwa amesimama dirishani, kwa sababu kukaa mbele ya ile printa kulimkata hamu. Jioni alipita barabarani katikati ya watu waliotoka zamu, baiskeli, wauza mandazi, kelele za Kikula, na alijisikia kama mtu aliyeachwa na gari.

Wiki ya tatu alimaliza. Aliweka sehemu mpya, akaita wafanyakazi, akawasha. Skrini zilichelewa sekunde sita na nusu.

Alidhani amekosea kuiweka. Akaiweka upya. Sita na nusu. Ndipo alipoamua kupima tena kila kitu tangu mwanzo, programu nzima ya zamani, na safari hii, kwa uchovu tu, hakuandika kipimo chake mwenyewe. Alichukua faili ya kupimia ya Symphorien, ile ya tangu miaka ile, akaomba vihesabio vile vile vya Ijumaa. Faili ya mzee ilisoma namba tatu kwa kila kihesabio: hesabu, muda wote uliopita, na muda ambao kihesabio kilikuwa kazini kweli.

Kwa sehemu ya mzee, ile ya vihesabio vitatu, muda wote na muda wa kazi ulilingana. Kwa sehemu yake, ile ya vinane, muda wa kazi ulikuwa nusu.

Joëlle aliisoma ile nusu tena. Jambo hili alilijua. Alikuwa amefundishwa. Kichakataji cha mashine ile kilikuwa na nafasi nne tu za kuhesabia mambo hayo. Ukiomba nane, Linux haikatai wala haipigi kelele, inagawanya zamu, kama bomba la maji la kwao Kikula: avenue hii ichote, kisha ifungiwe, avenue ile ichote. Kihesabio kinahesabu zamu yake ikifika. Zamu ikiondoka kinalala, na yanayopita yanapita. Anayetaka ukweli lazima aulize bomba lilikuwa wazi kwa muda gani, ndipo apige hesabu ya siku nzima. Yeye hakuuliza. Alikuwa amechukua ndoo za nusu siku zake na kuzipanga kando ya ndoo za siku nzima za mzee, akasema, tazameni nani anamwaga maji.

Alipiga hesabu kwa kalamu. Arobaini na moja ikawa milioni themanini na mbili. Sitini na mbili ya mzee ilibaki sitini na mbili.

Kosa lilikuwa lake. Tena lilikuwa kosa la kitoto: katika kupiga wastani alikuwa anasoma meza kubwa ya namba kwa kwenda chini, safu baada ya safu, ilhali kumbukumbu imezipanga kwa kwenda pembeni. Ni kama kutumwa sokoni kununua vitunguu na kurudi nyumbani na kitunguu kimoja kimoja. Aligeuza vitanzi viwili, yaani mafungu ya maagizo yanayojirudia, cha nje kikawa cha ndani. Ilimchukua dakika kumi. Skrini zikaacha kuchelewa, na huko kwenye ukumbi wa skrini mtu mmoja akapiga makofi.

Alikaa na zile dakika kumi mkononi. Dakika kumi, na mzee amekaa nyumbani wiki tatu. Na hapa niseme wazi jambo lililomtisha zaidi: hakuna mtu ambaye angejua. Carlos asingejua, wakuu wa vikosi wasingejua. Katika Likasi nzima mtu aliyeweza kusoma jedwali lile na kuona kosa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyefukuzwa nalo. Angeweza kunyamaza mpaka astaafu. Lakini akinyamaza, hana ruhusa tena ya kubisha hodi kwa Symphorien, na bila Symphorien alikuwa hana mtu. Kazi ingebaki, jina la Mama Ordinateur lingebaki. Alichukua karatasi, akaenda kwa Carlos.

Alieleza. Carlos alisikiliza akiwa anatafuta kitu kwenye droo.

“Mais retard imekwisha?” akauliza.

“Imekwisha, chef. Lakini kosa ilikuwa yangu. Haikuwa ya Papa Symphorien. Apashwa kurudia ku kazi.”

“Imekwisha. Bon. Félicitations, mama.” Akapata alichokuwa anatafuta, kifuniko cha kalamu. “Ile dossier ya muzee ilishafungwa. Kazi yake njo unaifanya weye, na unaifanya muzuri. Sasa tutabomoa nyumba juu ya nini? Ile tableau ya mupya, tuma par mail.”

Aliituma, kwa Carlos na kwa wakuu wa vikosi wote wawili, akiandika kwamba yeye Joëlle Kabamba ndiye aliyekosea. Mmoja alijibu kwa kidole gumba cha njano.

Jumamosi mchana alivaa kitenge cha heshima, akapanda taxi-bus mpaka mtaa wa Panda. Nyumba ya Symphorien ilikuwa na uzio wa mabati na meza chini ya ukingo wa paa; mzee alikuwa ameketi pale na chuma cha kulehemu, redio ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Mkewe, Mama Martine, alitoka na kiti, akakifuta vumbi kwa upande wa kitenge chake, akasema kwa heshima ya mgeni, “Karibu, ba Joëlle,” na kurudi ndani bila kuuliza habari za Kikula. Kabla ya hapo alikuwa haachi kuuliza.

“Yambo, Papa.”

“Yambo, mama. Ikala.”

Joëlle alikaa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalikuwa yameshuka kituo kimoja kabla yake.

“Papa, minye njo nilikosa. Ile namba yangu ilikuwa ya nusu. Vihesabio vilikuwa vinapokezana zamu, na sikusoma muda. Sehemu yako ilikuwa muzuri. Ni yangu njo ilikuwa inachelewesha.”

Symphorien aliweka chuma chake kwenye kopo. “Najua,” akasema.

“Unajua?”

“Colonne mbili za muda zilikosa pale ku tableau. Vihesabio munane kwako, vitatu kwangu, na muda hakuna. Niliona mbele ya Carlos kumaliza kusoma. Mama, si minye njo nilikufundisha ile kitu?”

“Basi juu ya nini haukusema?”

“Niseme nini, mbele ya bale bantu? Mutoto njo anakosa, minye muzee niko sawa? Bangesema muzee anajitetea.” Alisema bila hasira, kama anayeeleza redio ina ugonjwa gani. “Na tena nilikuangalia. Nilisema, Joëlle akinyanyula macho mara moja tu, nitamuonyesha na kidole, yeye mwenyewe ataona, atasema mwenyewe, itakuwa muzuri kwa sisi bote. Haukunyanyula.”

Joëlle alivuta kitenge kufunika magoti. Jirani alikuwa anatwanga kitu upande wa pili wa uzio.

“Nikakuya hapa, nikangoya,” mzee aliendelea. “Nilikuwa nasema, ile namba haitamupa amani, atapima tena, atapiga telefone. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, ya tatu, hakuna. Siku ya tano ikalia, na ni jina yako. Minye nilikuwa mu kunawa. Nilitoka mbio na savon ku macho, Martine akacheka mpaka akaikala chini.” Naye akatabasamu kidogo, kwa ajili ya Martine. “Ukaniuliza mot de passe, ile neno ya siri ya mashini.”

Aliikumbuka simu ile. Alikuwa ameisahau kabisa, na sasa aliikumbuka yote: jinsi mzee alivyopokea huku anahema, jinsi alivyosema “Ndiyo, Joëlle, ndiyo, sema,” na jinsi yeye, kalamu mkononi, alivyoandika herufi alizotajiwa, akasema merci Papa, akakata. Haikufika dakika moja.

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Alijifuta kwa kiganja, yakaja mengine.

“Pardon, Papa. Nakulomba pardon.”

“Nilishakusamehe, mama. Kitambo.” Na ilikuwa kweli, ilionekana usoni kwamba ni kweli, na hapo ndipo Joëlle alipoogopa, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa hasira na hakujiandaa kwa mtu aliyemaliza. Mama Martine alileta maji kwenye glasi. Joëlle aliyanywa yote kwa sababu kunywa ni kitu cha kufanya.

Alimwambia mzee kwamba alikuwa amegeuza vitanzi viwili tu, cha nje ndani. Zamani habari kama hiyo ingemfanya Symphorien avute kiti, aombe karatasi, aulize meza ya namba ina upana gani. Sasa aliitikia kwa kichwa.

“Ni vile,” akasema, na kuchukua tena chuma chake.

Redio ilitoa moshi mwembamba. Joëlle alingoja. Kisha akasimama, akarekebisha kitenge chake, akauliza kwa sauti ndogo kama ya yule stagiaire wa miaka saba nyuma.

“Papa, nikuye kukuangalia dimanche, kisha misa?”

Symphorien alipuliza waya mpaka ukapoa, bila kuinua uso.

“Kuya tu, mama,” akasema. “Dimanche, Martine njo anabakiaka hapa.”